Kosa na Mkosaji

Kitu kikiharibika mikononi mwa watu wengi, swali litokalo kwanza vinywani mwao ni "Nani?" Swali la "Kwa nini?" huja nyuma, na mara nyingi hukuta watu wamekwisha kutawanyika. Je, msomaji, ni haki kumtafuta mkosaji kabla ya kulijua kosa? Nataka tulitazame jambo hili katika mtambo, kwa sababu mtambo hauna uso wa kuona haya wala ulimi wa kujitetea.

Mwaka 1992 yalianza Marekani mashindano ya wanafunzi wa sekondari yaitwayo FIRST Robotics Competition, ambamo kila kikundi huunda roboti yake. Mchezo wa mwaka 2013 ulitaka roboti zirushe visahani vya plastiki, mfano wa vile ambavyo vijana hurushiana uwanjani, vipite katika matundu mapana yaliyo juu ukutani. Roboti iliruhusiwa kubeba visahani 4 tu kwa mara moja, na muda wa mwendeshaji ulikuwa dakika 2.

Vikundi vingi vilitumia gurudumu lizungushwalo na mota kwa kasi kubwa. Kisahani husukumwa katika nafasi iliyo kati ya gurudumu na kiambaza. Gurudumu hukishika ubavuni, likakizungusha na kukirusha. Nafasi hiyo ikizidi upana, gurudumu huteleza. Ikizidi wembamba, kisahani hukwama.

Sasa tuseme kikundi kimoja kimo mchezoni. Kisahani cha kwanza kinaingia tunduni. Cha pili kinagonga ukuta chini ya tundu. Cha tatu kinaanguka njiani. Wote wanamgeukia mwendeshaji: ana pupa, mkono wake mzito, na aondolewe! Naye anainamisha kichwa.

Lakini yaangalie makosa yenyewe. Mkono usio imara hukosa huku na huku. Visahani hivi vinapungukiwa kwa utaratibu, kila kimoja chini ya mwenzake. Sababu ni kwamba kila kisahani huondoka na sehemu ya nguvu ya gurudumu, na gurudumu lisipopata muda wa kuirudia kasi yake, kisahani kifuatacho hupewa nguvu haba. Kulithibitisha jambo hili si kazi kubwa: rusha visahani vile vile, ubadili kitu kimoja tu, yaani muda kati ya kisahani na kisahani. Ukibadili betri, na nafasi, na mwendeshaji kwa pamoja, hata mtambo ukipona hutajua umeponywa na nini. Na yule aliyeondolewa ataonekana kuwa ndiye aliyekuwa ugonjwa.

Utasema: basi pupa ya mwendeshaji ni kosa kweli, kwani angaliweza kungoja. Naam, sitaki kukuficha hilo. Lakini ni nani waliompa mtambo usiomwonyesha kama gurudumu liko tayari? Kosa hili lilikuwa na wazazi wengi, na wale waliomnyooshea kidole walikuwa miongoni mwao. Mimi mwenyewe nimepata kuuliza "Nani?" kioo cha dirisha la darasa kilipovunjika. Jina nilipewa upesi, na adhabu nikaitoa. Bawaba iliyolegea niliiona muhula uliofuata, dirisha lilipoanguka mara ya pili, wala hapakuwa na mtoto karibu.

Kikundi chetu kilifunga chombo cha kuhesabu mizunguko, ili kisahani kisisukumwe mpaka gurudumu lifikie kasi yake. Wangaliweza pia kufunga gurudumu zito zaidi, ambalo halipungui kasi upesi, ingawa hukawia kuishika mwanzoni. Mchezo uliofuata kisahani cha pili kilipita tunduni, na cha tatu, na cha nne. Wote walishangilia, na mwendeshaji alishangilia pamoja nao, wala hapana aliyekumbuka kwamba lilikuwapo neno la kumwambia.