Kudra na Kijiko cha Zebaki

Hapa Nyarugusu, kwenye machimbo ya dhahabu, mtoto akizaliwa husemwa kwamba amekuja na riziki yake. Naamini. Wanangu niliwalea kwa hela ya mwaloni, kule dhahabu inakosafishwa, nikiosha marudio, yaani mchanga uliokwisha kuoshwa, ya wenye maduara, mashimo ya kuchimbia, na siku ambazo sikujua watakula nini walikula.

Ila kuna jambo nawaambia vijana wanaolea sasa, na wengine wananiona nimepungukiwa imani. Jioni baba anarudi na kidonge chake cha dhahabu iliyoshikana na zebaki. Anakichomea ndani, mlango umefungwa kwa kuogopa wezi, kwenye kijiko juu ya jiko lile lile la uji. Kidonge kinasinyaa, weupe unaondoka, unjano unajitokeza. Wote wanainama waone. Mama naye anainama, mtoto yuko mgongoni. Ule weupe haukupotea: umekuwa mvuke usioonekana wala kunuka, nao wanauvuta. Unaharibu ubongo na mishipa ya fahamu, na wa kwanza kuumia ni mtoto ambaye ubongo wake bado unajengeka.

Nilipomwambia baba mmoja, alinijibu kwa adabu: "Mama, anayelinda ni Mungu."

Basi tumsikilize huyo Mungu. Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, anayejenga nyumba anaagizwa azungushie dari yake ukuta, mtu asije akaanguka na damu ikawa juu ya nyumba ile. Mungu alijua nani angeanguka na lini. Hata hivyo aliagiza ukuta, wala hakusema mwenye nyumba amwachie Yeye. Dari zetu huku ni maduara yanayoachwa wazi mwamba wenye dhahabu ukiisha, mvua ikanyesha yakajaa maji, na watoto wanacheza pembeni.

Mama aliyefiwa akisema ni kazi ya Mungu, nitakaa naye mkekani na nitaitikia. Ni haki yake, pengine ndiyo pekee iliyobaki ya kumshikilia. Lakini baba anayeyasema maneno hayo mtoto akiwa bado mzima, jiko halijawashwa, anamtwisha Mungu kazi aliyopewa yeye.

Najua umaskini unabana. Kipo chombo cha chuma cha kuchomea, kinachofungwa na kuurudisha mvuke ukawa zebaki tena, lakini kinataka hela, na kuchomea nje ni kuwaita wezi. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata mwaka 2020, nchi zikiahidi kuipunguza zebaki. Ahadi hiyo haijafika jikoni kwetu. Kumtoa mtoto nje, hata hivyo, hakuhitaji hela.

Yule baba, ambaye ni mwanangu, bado anachomea ndani, na bado tunagombana. Siku ya kuchoma, mtoto analetwa kwangu. Sasa mkewe ana mimba nyingine, na zebaki hupita kwenye kondo la nyuma ikamfikia aliye tumboni. Nimemwambia mkwe wangu huyo aje na mtoto wake, walale huku wote wawili.