Wajibu, Hiari na Chanjo: Swali la Maadili Katika Milima ya Kilungu

Iwapo mtu ana wajibu wa kupokea chanjo mpya kwa ajili ya afya ya jirani yake, na iwapo dola ina haki ya kumlazimisha autimize wajibu huo, ni maswali mawili ambayo wakati wa janga la korona yalichanganywa mno, ilhali kulijibu la kwanza si kulijibu la pili.

Kwamba wajibu upo, fikra za Ukambani, eneo la Wakamba nchini Kenya, zinaelekea kukubali. John Mbiti, mwanatheolojia aliyezaliwa Mulango, Kitui, mwaka 1931, alishikilia katika kitabu chake cha 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika kwamba utu wa mtu hautimii nje ya jumuiya yake. Ugonjwa unaoenezwa kwa pumzi huifanya kauli hiyo kuwa jambo la kila siku, kwa kuwa kijana wa Nunguni, katika milima ya Kilungu, asiyehisi dalili yoyote aweza kumpelekea nyanya yake maradhi ya kumwua. Waraka wa Vatikani wa 21 Desemba 2020, uliokubali matumizi ya chanjo zilizohusisha seli zenye asili ya vijusi vilivyotolewa miongo mingi iliyopita, endapo hakuna chanjo mbadala, nao ulitaja wajibu wa kutafuta manufaa ya wote, lakini ukasisitiza kwamba kuchanjwa kuwe kwa hiari. Msisitizo huo ulikuwa na uzito Kenya, ambako maaskofu Wakatoliki walikuwa wameipinga kampeni ya chanjo ya pepopunda mwaka 2014, na ambako Machi 2021 walijikuta wakiitetea chanjo ya korona dhidi ya chama cha madaktari wa imani yao wenyewe.

Kuhusu shurutisho, historia ya milima ya Kilungu inatoa onyo. Matuta yanayozuia udongo usichukuliwe na mvua katika wilaya ya zamani ya Machakos, iliyojumuisha Kilungu, yalienezwa kwanza na serikali ya kikoloni kwa kazi ya lazima, na watu wakayachukia; tayari mwaka 1938 Wakamba walikuwa wameandamana hadi Nairobi wakiongozwa na Muindi Mbingu, kupinga mifugo yao kupunguzwa kwa nguvu kwa hoja hiyohiyo ya kuhifadhi ardhi. Kazi ilipoingia mikononi mwa mwethya, yaani kikundi cha majirani wanaosaidiana kwa zamu chini ya viongozi waliowachagua wenyewe, matuta yaliongezeka, na yakaendelea kuongezeka baada ya uhuru. Ujuzi wa kuchimba ulikuwa uleule. Kilichobadilika ni nani aliyeitisha kazi. Novemba 2021 serikali ya Kenya ilipotangaza kwamba asiyechanjwa angenyimwa huduma za umma kuanzia 21 Desemba, ililisahau somo hilo, na Mahakama Kuu ilifanya vyema kuisimamisha amri hiyo kabla haijaanza kutekelezwa.

Lakini mwethya ina sharti jingine, zito zaidi: aliyelimiwa hana budi kwenda kulima kwa wengine. Katika suala la chanjo, Kenya ililima kwanza: mwishoni mwa Oktoba 2020 wahudumu wa afya wa Kilifi walianza kujitolea miili yao katika majaribio ya chanjo ya korona ya Oxford, iliyotumia virusi vya mafua ya sokwe vilivyofanyiwa marekebisho visiweze kuzaana. Shehena ya kwanza ya chanjo hiyo, dozi zaidi kidogo ya milioni 1, ilifika Nairobi tarehe 3 Machi 2021 kupitia Covax, mpango wa kimataifa wa kugawana chanjo. Mwezi huohuo India, iliyokuwa ikiitengeneza kwa wingi, ikabana mauzo ya nje. Covax ilikusudia kugawa dozi bilioni 2 kufikia mwisho wa 2021, lakini dozi ya bilioni 1 ilifika Januari 2022, nchini Rwanda, wakati mataifa tajiri yalikuwa yamejinunulia mapema dozi nyingi kuliko mahitaji ya watu wao.

Kwa hiyo anayeikataa sindano kwa dhamiri hajaondolewa wajibu, kwani waraka uleule wa Vatikani unamtaka afanye kila awezalo asiwe njia ya maambukizi, hasa kwa wasioweza kuchanjwa. Hata hivyo anayestahili kudaiwa kwanza ni aliyehodhi dozi, maana mkulima wa Kilungu alizuiwa na shaka, ilhali aliyehodhi alikuwa na ziada ghalani.