Kuonja Nako ni Kunywa

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Tumeletewa suala na kijana wa mji wetu aliye masomoni Marekani. Asema kwamba wenziwe wa nyumba moja hununua, kila mwisho wa juma, chupa ya wiski iitwayo bourbon, ile ya bei rahisi, kwa ajili ya kuionja. Humimina kidogo katika gilasi, wakainusa, wakapiga funda moja, kisha wakaitaja sifa zake. Naye mara moja alionja pamoja nao. Sasa auliza: Je, kilichofanywa kwa mahindi kina hukumu ya mvinyo wa zabibu? Je, kuonja bila ya kulewa ni kunywa? Na akitema, ana makosa? Twamshukuru kwa kuuliza, kwani aulizaye amekwisha kuikaribia njia.

Ama la kwanza, ni kweli kuwa bourbon hufanywa kwa nafaka, na kwa sheria ya Marekani mahindi hayapungui asilimia 51. Ni kweli pia kuwa Imamu Abu Hanifa alivitenga vinywaji vya nafaka na mvinyo wa zabibu, akaharimisha katika hivyo kiasi cha kulevya. Lakini mwanafunzi wake, Muhammad bin al-Hasan, alimkhalifu, na kauli yake ndiyo iliyofuatwa katika madhehebu hayo. Na Maimamu Malik, Shafi na Ahmad waliharimisha kichache na kingi. Mtu mmoja wa Yemen alimuuliza Mtume (s.a.w.) juu ya kinywaji cha mtama kiitwacho mizr. Mtume aliuliza jambo moja tu, kama chalevya. Alipoambiwa kuwa chalevya, akakiharimisha. Basi mahindi, ambayo Waarabu wa zama hizo hawakuyajua, yaingia kwa mlango huo huo. Ugali ni halali na bourbon ni haramu, ijapokuwa punje ni moja.

Ama la pili, Sharia haikukipima kichwa cha mnywaji, imekipima kinywaji: ambacho kingi chake hulevya, kichache chake ni haramu. Na bourbon haitiwi chupani illa ina asilimia 40 ya kilevi au zaidi. Asemaye, "Nilipiga funda moja tu," amejitetea kwa asiloulizwa.

Ama la tatu, katika madhehebu yetu ya Shafi kilevi cha majimaji ni najisi, wala haifai kukitia najisi, pasipo dharura, kinywa kisomacho Fatiha.

Limebaki neno ambalo kijana hakuliuliza. Asema wenziwe husifu harufu ya vanila na ladha ya sukari iliyoungua. Na ajue kwamba wiski itokapo mtamboni ni nyeupe kama maji. Hutiwa katika mapipa mapya ya mwaloni yaliyochomwa moto kwa ndani, na ule mti uliobabuka ndio uipao rangi na harufu na utamu. Basi wao wausifu mti, na wakimezacho ni kilevi. Na hivi ndivyo zijavyo fitina nyingi: mtu haitwi kwa jina la ulevi, huitwa kwa harufu nzuri na kwa kicheko cha marafiki. Ama urahisi wa bei, huo ni mlango usio na bawabu. Na mwonjaji hana funda la mwisho, kwani ya leo humtaka ya kesho apate kulinganisha.

Ewe mwanetu, twajua kuwa kilichokushinda si ladha, ni upweke wa ugenini. Kaa nao katika chakula na masomo, na chupa ifunguliwapo ondoka, ukiwaambia wazi kuwa dini yako hairuhusu. Mwenye kukupenda kweli hatakuacha kwa hilo. Na lililopita lina toba: acha, juta, azimia kutorudia, wala usiitangaze dhambi ambayo Mola wako ameisitiri.

Nanyi wazazi mpelekao watoto ng'ambo, mwawauliza habari za mitihani. Waulizeni pia waketi na nani.

Wabillahi taufiq.