Ni Nani Amlishaye Mwalimu wa Dini?

Katika parokia zetu za shamba Padre hufika kigangoni mara moja kwa mwezi, na mvua zikiharibu njia hukawia zaidi. Afikaye kila Jumapili ni mwalimu wa dini. Ndiye aongozaye ibada pasipo na Misa, afundishaye wakatekumeni, asaliye na wagonjwa na kuzika wafu. Huenda kwa miguu au kwa baiskeli, toka kigango hiki hata kile, na jembe lake lamngoja nyumbani.

Twapenda kuwakumbusha wasomaji wetu vijana wawili Waacholi wa Uganda ya kaskazini, Wenye Heri Daudi Okelo na Jildo Irwa. Walibatizwa siku moja, tarehe 6 Juni 1916, kwa mkono wa Padre Cesare Gambaretto wa misioni ya Kitgum. Mwishoni mwa mwaka 1917 walijitolea kwenda kufundisha Paimol, mwendo wa kilomita 80 hivi, kwa kuwa mwalimu wa huko alikuwa amefariki. Daudi alikuwa na miaka kama 16. Jildo alikuwa mtoto wa miaka kama 12. Padre hakuwaficha hatari ya safari hiyo, nao hawakurudi nyuma.

Na kazi yao ilikuwaje? Alfajiri Daudi alipiga ngoma kuwaita watu kusali, kisha akafundisha sala na katekisimu. Watoto walipokwenda mashambani na machungani, aliwafuata huko huko, akavizungukia vijiji vya jirani. Jildo alijua kuwakusanya wenzake kwa michezo. Jioni wote walisali Rozari. Hatuoni hapa mwujiza wowote. Ni kazi ile ile aifanyayo mwalimu wa kigango chenu.

Mwezi wa Oktoba 1918 watu wenye mikuki waliwajia usiku, wakiwataka waache kufundisha dini. Mzee wa kijiji akasimama kuwatetea, akisema vijana hao ni wageni wake, wasiguswe. Daudi akamsihi mzee asijitie katika shauri hilo, kisha wote wawili wakauawa. Tarehe 20 Oktoba 2002 Papa Yohane Paulo II aliwatangaza kuwa Wenye Heri.

Lakini sisi twamfikiri sana yule mzee. Hakuwa na elimu ya dini ya kutuzidi sisi, ila alijua kwamba mtu aliyekuja kufundisha watoto wa kijiji ni mgeni wa kijiji. Je, mwalimu wetu ni mgeni wa nani?

Wako wasemao kwamba yeye anafanya kazi ya Mungu, na Mungu atamlipa. Kweli, Bwana wetu aliwatuma wanafunzi wawili wawili bila mkoba. Hata hivyo aliwaambia pia wale watakachoandaliwa. Basi alitazamia kwamba yuko mtu wa kuandaa. Nao Mtaguso wa Vatikano, katika hati yake juu ya misioni ya mwaka 1965, ulitaka makatekista wanaotumika muda wote wapewe ujira wa haki, waishi kwa heshima. Mwaka 2021 Papa Fransisko aliifanya kazi ya katekista kuwa huduma rasmi katika Kanisa. Twashukuru kwa heshima hiyo, ingawa heshima haijazi chungu. (Na mapadre wenzetu nao wasidhani kwamba neno hili ni la waamini tu.)

Siku aliyomzika baba yako ilikuwa siku yake ya kupanda mahindi. Hakusema neno. Mavuno yakawa haba, mtoto wake akarudishwa kutoka shule kwa kukosa daftari na sare, na Jumapili iliyofuata watu wakanung'unika kwamba mwalimu amechelewa ibada.

Hatuombi mambo makubwa: debe moja la nafaka kwa kila jumuiya wakati wa mavuno, na siku moja ya jembe. Mvua zikaribiapo, kila mahali kwa majira yake, wanaume wa kigango wasitawanyike upesi baada ya ibada. Wakae chini ya mti waulizane shamba la mwalimu litalimwa siku gani, na nani atakuja na ng'ombe.