Ridhaa Iliyoulizwa na Kupuuzwa

Socrates, akisubiri kunyweshwa sumu katika gereza la Athens, alikataa kutoroka. Kwa masimulizi ya Plato, hoja yake ilikuwa kwamba malango ya mji yalikuwa wazi maisha yake yote. Aliyebaki kwa hiari amekwisha kuzikubali sheria zake. Hoja hiyo imewashawishi wengi kwa zaidi ya miaka 2,300. Lakini historia ya Banissa inaipinga.

Banissa iko magharibi ya Mandera, karibu na mpaka wa Ethiopia. Enzi za ukoloni ilikuwa ndani ya Northern Frontier District, NFD, na huko malango hayakuwa wazi. Mwaka 1926 serikali ililitangaza eneo zima kuwa lililofungwa. Kuingia na kutoka kukawa kwa kibali. Sheria ya 1934 ikawaongezea maofisa mamlaka juu ya wafugaji. Mtu asiyeruhusiwa kuondoka hawezi kuhesabiwa kuwa amekubali kwa sababu tu amebaki.

Vyama vya siasa vilikatazwa huko hadi 1960. Mwaka huo ndipo ilipozaliwa Northern Province People's Progressive Party, NPPPP, chini ya Wako Happi, na Julai Somalia ikawa huru. Licha ya jina lake, kilikuwa chama cha kihafidhina: hakikuahidi kuigeuza jamii, bali kulinda undugu, Uislamu na malisho yaliyokatwa na mistari ya ramani. Kilidai NFD ijiunge na Somalia kabla Kenya haijapata uhuru.

Uingereza ikatuma tume ya watu wawili, G.C.M. Onyiuke wa Nigeria na Meja Jenerali M.P. Bogert wa Kanada. Mwishoni mwa 1962 walizunguka wilaya sita na kukaa barazani, ujumbe mmoja ukitoka na mwingine ukiingia kueleza unakotaka kwenda. Ripoti yao ya Desemba ilionyesha kwamba walio wengi, hasa katika maeneo ya Wasomali, walitaka Somalia. Machi 1963 waziri wa makoloni, Duncan Sandys, akatangaza kwamba maeneo ya Wasomali yatakuwa mkoa wa Kenya. Somalia ikavunja uhusiano na Uingereza.

Kumwita mzee barazani, kuandika jibu lake, kisha kutenda kinyume chake ni dhuluma kubwa kuliko kutomwuliza kabisa. Hata hivyo NPPPP nayo ilikuwa na swali isilolijibu: "watu" wanaoamua ni akina nani? Ukihesabu NFD, wengi walitaka kuondoka. Ukienda Marsabit na Moyale, walikuwapo Waborana na wengine, wakisemewa na Northern Province United Association, waliotaka kubaki Kenya. Kila mpaka unaouchora una wengi wake na wachache wake, na kura haiwezi kuamua akina nani waipige. Sura ya 42 ya Qur'ani, Ash-Shura, inawasifu wanaoendesha mambo yao kwa mashauriano. Mipaka ya majimbo imewaachia wanadamu.

Chama cha NPPPP hakikudumu. Kilisusia uchaguzi wa Mei 1963, na hapo kilikosea, maana kiliwaacha watu wake bila msemaji wakati walipomhitaji zaidi. Baadhi ya viongozi wake waliwekwa kizuizini. Juni, mkuu wa wilaya ya Isiolo, Daudi Dabasso Wabera, akauawa kwa risasi pamoja na chifu Haji Galma Dido. Siku chache baada ya uhuru wa Kenya hali ya hatari ikatangazwa. Vita vya Shifta, vya waasi waliotaka kujitenga na Kenya, viliendelea hadi makubaliano ya Arusha ya 1967, lakini sheria za hali ya hatari hazikuondolewa hadi 1991.

Je, ridhaa iliyokosekana mwanzoni inaweza kupatikana baadaye? Inaweza, iwapo raia anaulizwa tena na tena na jibu lake linahesabiwa. Ndiyo maana kiti kitupu bungeni ni jambo zito Banissa kuliko kwingine. Mbunge wa jimbo hilo, Kulow Maalim Hassan, alifariki Machi 2023. Ibara ya 101 ya Katiba inataka uchaguzi mdogo ndani ya siku 90, lakini tume ya uchaguzi haikuwa na makamishna, na Banissa ikasubiri hadi Novemba 27, 2025. Bunge litunge sheria ya kuhakikisha tume haikai tena bila makamishna, na ipitishwe kabla ya uchaguzi mkuu wa 2027.