Manukato Yaleyale, Asubuhi na Jioni

Tabac Blond, manukato yaliyotungwa na Ernest Daltroff wa nyumba ya Caron mjini Paris mwaka 1919, hayana harufu moja. Yakipakwa mkononi asubuhi, jioni hunukia vingine kabisa. Hapo huzuka swali la kale la falsafa: kitu kinachobadilika hivyo, ni kilekile?

Sababu ya mabadiliko ni joto. Uso wa ngozi una takriban nyuzi 32, zinazotosha kuyageuza mafuta kuwa mvuke, mepesi yakitangulia. Alkoholi huondoka kwanza. Kisha kwa saa kadhaa hutawala karnesheni, ua lenye ukali wa viungo, na ukali huo hutokana na eujenoli, kemikali ambayo ndiyo sehemu kubwa ya mafuta ya karafuu. Mtu wa Pemba aliyekulia kando ya majamvi ya karafuu angeitambua mara moja, hata kama ua lenyewe hajaliona. Ua linapofifia, harufu ya ngozi iliyotengenezwa hujitokeza, na usiku husalia miski na utamu wa vanila.

Hiyo ngozi nayo inahitaji maelezo. Katika manukato yenye harufu hiyo hamna ngozi ya mnyama. Harufu yake hutengenezwa kwa isobutili kwinolini, kemikali ya maabara, au kwa lami ya mbetula, mti wa nchi za baridi ambao Warusi waliutumia kutengenezea ngozi. Kwa hiyo pua inayosema “ngozi” inataja zaidi kazi ya mtengenezaji kuliko mnyama.

Plutarch, mwandishi wa Kigiriki wa kale, alisimulia merikebu ya shujaa Theseus, iliyobadilishwa mbao moja moja hadi wanafalsafa wakabishana kama bado ni ileile. Manukato yana ugumu wa namna nyingine: hakuna ubao mpya unaoletwa, kila kitu kinaondoka tu. Mtu anayemfuata Aristotle angetafuta kinachodumu chini ya mabadiliko, na angeishika miski, maana ilikuwapo tangu asubuhi, imefunikwa. Jibu hilo halitoshi. Miski peke yake haimkumbushi mtu Tabac Blond, na inapatikana katika manukato mengine mengi.

Augustino, mwanateolojia wa kale, anasaidia zaidi. Katika kitabu cha 11 cha Maungamo anachunguza mtu anayeimba zaburi: sehemu iliyopita imo katika kumbukumbu, ijayo imo katika matarajio, na zaburi nzima haipo katika sauti yoyote moja. Hakuna anayeuliza kama ubeti wa mwisho ndio utenzi. Manukato nayo ni tukio. Alichotunga Daltroff ni utaratibu wa kuondoka, nani atangulie na nani abaki nyuma, na miski ya usiku hupata maana yake kwa sababu karnesheni ilipita hapo.

Swali la merikebu hurudi kiwandani. Isoeujenoli, ndugu wa eujenoli katika kutunga karnesheni, leo imewekewa mipaka kwa kuwa huweza kusababisha mzio wa ngozi. Jina la manukato laweza kubaki huku utaratibu ukibadilika. Osmothèque, hifadhi iliyoanzishwa Versailles mwaka 1990, hutunza manukato ya zamani kwenye baridi ya nyuzi 12, chini ya gesi ya agoni, ili yasigeuke. Humo chupani yanasubiri, kama wimbo ulioandikwa ambao bado haujaimbwa.