Mtoaji Alirudi Nyumbani na Nini?

Kazi iliingia saa tano usiku: kurasa 5, dola 25, iwe tayari kabla ya asubuhi. Mwanafunzi fulani wa ng'ambo alikuwa ameulizwa na mwalimu wake wa maadili: je, chuo kikuu kinakosea kikipokea pesa za mtu mwovu? Mimi, niliyeacha chuo mwaka wa pili kwa kukosa karo, nikakaa kitandani hapa Mutuini na laptop ya mkopo, nikaanza kumtafutia jibu. Jina litakalokaa juu ya hizo kurasa ni lake. Ndiyo kazi yenyewe, na vijana wengi Nairobi wanaijua.

Mfano aliopewa ni Jeffrey Epstein, tajiri wa Marekani. Mwaka 2008 alikiri mahakamani kule Florida makosa ya ngono, moja likihusu msichana wa chini ya miaka 18. Mwaka 2019 alikamatwa tena, akafia rumande kabla kesi haijasikizwa. Vyuo vilivyokula naye vikalazimika kufungua vitabu vyao.

Nikasoma ripoti mbili, zote za 2020. Chuo cha MIT kilipokea kutoka kwake dola 850,000 kwa mara 10. Mara 9 kati ya hizo zilikuja baada ya yeye kuhukumiwa. Kuanzia 2013 baadhi ya wakubwa pale walijua, wakaelewana hivi: pesa zije, lakini ziwe kidogo kidogo, na jina lake lisitajwe.

Harvard walipokea dola milioni 9.1 kati ya 1998 na 2008, kisha baada ya hukumu wakakataa zingine. Hapo nikasema, angalau hawa wana haya. Kumbe ngoja. Kati ya 2010 na 2018 jamaa alizuru kituo kimoja cha utafiti pale zaidi ya mara 40, na alikuwa na ofisi yake ya kutumia. Pesa walifunga, mlango wakaacha wazi.

Nitasema ukweli. Mara ya kwanza niliwaza kama wengi wetu: pesa ni pesa. Si afadhali ziende maabara kuliko zibaki kwa huyo mtu? Ile wiki nilifungasha vitu vyangu hosteli, mtu angenitumia karo kwa M-Pesa, singemuuliza amezitoa wapi. Mkono mtupu haulambwi, na mwenye njaa hana nguvu za kukagua.

Lakini MIT haikuwa na njaa. Na kama pesa hazina ubaya, mbona jina lifichwe? Nimelelewa kwenye harambee. Pale kwetu jina husomwa kwa sauti: mama fulani, mia mbili, watu wanapiga makofi. Ukiona mpokeaji anaomba jina lisisomwe, jua ameshatoa hukumu yake kimoyomoyo, halafu akanyoosha mkono hivyo hivyo.

Basi, tuseme dawa ni uwazi? Hapana, haitoshi. Novemba 17, 2024, Rais William Ruto alienda ibada katika kanisa Katoliki la Soweto, Kayole, akatoa shilingi milioni 2 za nyumba ya padri na nyingine za kwaya. Alitoa mchana kweupe, kamera zikiona. Kesho yake Askofu Mkuu Philip Anyolo akatangaza kwamba zirudishwe, kanisa lisitumiwe kwa siasa. Sisemi Rais ni Epstein; hizo ni kesi mbili tofauti kabisa. Nasema tu kwamba Kayole hakuna kilichofichwa, na bado swali lilibaki.

Ndiyo maana siku hizi siulizi tu pesa zimetoka wapi. Nauliza mtoaji alirudi nyumbani na nini. Epstein aliingia vyuoni kama mtu aliyehukumiwa, akatoka kama rafiki wa wanasayansi. Hata mahali pesa zake zilikataliwa, heshima aliendelea kupewa. Na walioilipia ni wasichana aliowaumiza, ambao hakuna aliyewauliza.

Saa kumi alfajiri nikafika ukurasa wa mwisho, na hilo swali likanigeukia. Huyu mteja wangu anarudi nyumbani na nini? Na alama ambazo hakuzifanyia kazi, za somo la maadili tena! Mimi nina dola 25 ambazo jina langu haliwezi kusomwa kando yake. Siko juu ya MIT, tofauti ni kiasi tu. Na njaa, ndiyo. Njaa inapunguza kosa. Haigeuzi jina lake.

Nilituma ile kazi. Pesa zilipoingia nikaongeza zingine, nikamlipia ndugu yangu mdogo karo ya muhula. Sitaomba shule izirudishe. Ila jioni nilimwita nje, nikamweleza karo yake imetoka wapi, na nani alipata nini. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama nitaandika nyingine.

Nilimwambia sijui. Angalau yeye alikuwa na haki ya kuuliza, na mimi sikumwambia anyamaze ashukuru.